Yohana Wawili, Zamu Moja

Baba yangu mpendwa, fundi Daudi,

Shikamoo. Mpaka leo nikipita Mlalo mbele ya baraza ulilokuwa ukishonea nakuamkia kimoyomoyo, ingawa siku hizi pale wanauza vocha na chaja za simu na hakuna wa kuitikia. Leo nakuamkia kwa maandishi kwa sababu nimeshindwa kutulia. Tangu asubuhi niko hapa Lushoto, mezani kwangu. Nimeinuka na kukaa sijui mara ngapi, nimechemsha chai nikaisahau mpaka ikapoa, nimefungua kompyuta nikaifunga. Kuna mstari mmoja wa programu nimeufuta, nikaurudisha, nikaufuta tena. Ungekuwepo ungeniuliza, "Baba, una nini?" Ningekujibu sina kitu, nawe ungeendelea kukanyaga cherehani ukijua fika kwamba ninacho.

Ninacho kweli. Nakwambia sasa hivi kabla ujasiri haujaniishia: nimempokonya babu zamu yake ya maji. Baba yako mzazi, mtu wa miaka themanini na ushee. Sikushika jembe wala sikuziba mfereji. Nilifanya kwa kuandika, nikiwa nimekaa kwenye kiti, tena nikijisifu.

Ulituacha kabla sijaanza kazi hii, kwa hiyo acha nikueleze. Unakumbuka maji ya mfereji yalivyokuwa yakigawiwa: watu wanaitana ng'ambo ya bonde, huyu anasema zamu yake bado, yule anasema imekwisha, na mara nyingi mshindi ni mwenye sauti kubwa. Mwalimu Anna, yule aliyenifundisha darasa la tatu, sasa amestaafu na ndiye mwenyekiti wa kamati ya mfereji. Aliniita akasema, "Yohana, wewe si unatengeneza hayo mambo ya kompyuta? Tutengenezee ya kutuondolea kelele." Nikatengeneza. Kila mkulima anaandikishwa, mfumo unapanga zamu, na siku ya zamu yake anapata ujumbe kwenye simu, hata kama ni kitochi. Kelele zikapungua. Watu wakanisifu kanisani, Baba, mbele ya mama, na mama akanunua kitenge kipya kwa ajili ya Jumapili iliyofuata.

Kisha wajanja wakajitokeza. Mtu anajiandikisha kwa simu yake, anarudi kujiandikisha kwa simu ya mkewe, ili apate zamu mbili. Nikaandika sheria moja fupi, mstari mmoja tu, ndani ya mfumo: majina matatu yakifanana na kijiji kikiwa kimoja, huyo ni mtu mmoja, mbakize wa kwanza, mkatalie wa pili kwa upole. Mwalimu Anna aliipenda mpaka akaiandika kwa chaki kwenye ukuta wa ofisi ya kamati: MTU MMOJA, ZAMU MOJA. Nilipiga picha ule ukuta nikawatumia marafiki.

Sasa hesabu majina yetu. Babu ni Yohana Daudi Yohana. Wewe ni Daudi Yohana Daudi. Mimi ni Yohana Daudi Yohana. Umekaa katikati yetu kama upande wa mbele na wa nyuma wa shati moja, na mimi, msanifu wa mifumo, sikuona.

Na nisingeona vipi? Nimeishi ndani ya jambo hili maisha yangu yote. Hukuwahi kuniita Yohana hata siku moja, kwa kuwa lilikuwa jina la baba yako na mdomo wako haukuweza kulitamka kwa kukemea. Uliniita "baba". Ukiita "Baba!" kutoka ndani, tuliitika wawili uani, mimi na babu, na mama alicheka kila mara kama ni jambo jipya. Babu naye huniita wajina. Nikimwambia shikamoo anajibu, "Marahaba, wajina, tumeamkaje sisi wawili?" Mtu aliyekulia kwenye nyumba ya namna hiyo ndiye aliyeiambia mashine kwamba Yohana Daudi Yohana hawezi kuwa wawili.

Mfumo ulipokuwa mpya niliujaribu kwa kumwandikisha mtu ambaye jina lake naliandika bila kufikiri, yaani mimi, kwa namba yangu ya simu, kijiji chetu. Sikujifuta. Babu alipokwenda kujiandikisha baada ya ibada, karani wa kamati akaandika majina yake, na mashine ikamjibu kwa upole niliouandaa mwenyewe: "Tayari umesajiliwa." Akarudi nyumbani.

Zamu yake ilipofika, ujumbe ulikuja kwangu. Niliuona. Nikadhani ni yale majaribio yangu ya zamani, nikasema nitayafuta nikipata nafasi. Ukaja wa pili, ukaja wa tatu. Kamati ina kanuni kwamba anayekosa zamu tatu bila taarifa, nafasi yake inapewa aliye kwenye orodha ya kusubiri. Mimi ndiye niliyependekeza mfumo uitekeleze wenyewe, bila kumsumbua mtu. Haukumsumbua mtu.

Jumapili iliyopita nilikwenda nyumbani, nikamkuta babu anapanda kutoka mtoni na ndoo mbili, anapumzika kila hatua kumi. Kitalu chake cha kabichi kimekauka, vitunguu vyake vimekuwa vya njano. Majirani wanasema mzee ameichoka zamu, uzee umeingia. Yeye anawaambia anafanya mazoezi ya miguu. Nilipomuuliza kuhusu maji akasema, "Yatakuja," akaniuliza habari za Lushoto. Niliona ni ule ukaidi wa kizee unaoufahamu. Nilifungua simu palepale, nimesimama katikati ya tuta, nikapekua zile meseji tatu, nikaelewa zilikuwa za nani.

Tangu siku ile nakuwaza wewe na daftari lako.

Unakumbuka daftari la vipimo? Lile la jalada la bluu, limejaa mafuta ya cherehani. Hukuandika jina la mtu. Uliandika "mama wa karibu na kengele", "mrefu wa Shume", "bega moja chini", "yule anayecheka kabla hujamaliza kusema". Nilikuwa kidato cha pili, likizo, nimejifunza juzi tu kupanga majina kwa alfabeti, nikaona aibu kwamba baba yangu fundi mzima ana daftari la namna ile. Nikalinakili lote kwenye daftari jipya, majina matatu matatu, safi, kwa rula. La zamani mama akawashia moto. Ulipolifungua jipya ulifunua ukurasa mmoja mmoja, kisha ukasema, "Mwandiko mzuri, baba."

Wiki mbili baadaye zikaja nguo za kipaimara. Mabinti wawili, majina yaleyale matatu, mmoja wa bondeni na mmoja wa juu kanisani. Nguo ya mfupi ukamshonea mrefu na ya mrefu ukamshonea mfupi. Siku ya kuchukua, mmoja analia magoti yakiwa nje, mwingine anaburuta sakafu. Hukunitazama hata mara moja. Ulifumua upindo wa ile fupi, na kwa vile kawaida yako ni kuacha upindo mpana, kitambaa kilitosha. Ile ndefu ukaikunja. Walipoondoka ulisema, "Upindo umetuokoa," ukaninyooshea kalamu tuandike upya, wewe ukiwakumbuka watu mmoja mmoja na mimi nikiandika: bega moja chini, anayecheka kabla hujamaliza.

Sikukuomba radhi. Nilikuwa na miaka kumi na tano na niliona kosa ni la wazazi waliowapa wale mabinti jina moja.

Nakuomba sasa, na nimechelewa, na kosa nimelirudia lilelile. Mimi hulipwa kwa kuchora mifumo, Baba. Nakaa na watu kwenye vyumba vyenye ubao mweupe, tunachora visanduku na mishale, tunabishana kama kitu fulani kikae hapa au pale. Nimekuwa nikidhani ufundi ni kupunguza: kuondoa yanayojirudia, kuondoa ya ziada, mpaka kibaki kitu chembamba kinachong'aa. Na kweli kina raha yake, nisikudanganye. Ule mstari mmoja niliuandika nikajisikia kama nimeimba vizuri. Lakini babu yangu alikuwa ndani ya yale "yanayojirudia".

Wewe mteja akija hukuanza na futi. Uliuliza, "Utaivaa ukifanya nini?" Mwenye kulima ulimwinamisha, mwenye kubeba mzigo kichwani ulimwambia ainue mikono yote miwili, na mzee wa kanisa ulimkalisha kwenye kigoda uone suruali itamkaba wapi. Watu walidhani unatania. Mimi nilikaa mwezi mzima nikichora mfumo wa maji na sikwenda hata asubuhi moja kusimama mfereji unapofunguliwa nione nani anakuja, anakuja na nini, anaitwaje na wenzake. Niliwauliza majina tu. Tena majina matatu, kwa rula.

Sasa nikueleze kwa nini situlii. Kumrudisha babu kwenye orodha ni kazi ya dakika moja. Lakini zamu yake alipewa Mama Happy, yule mjane wa chini ya daraja, aliyekuwa akisubiri muda mrefu. Amepanda karoti, na zimeota vizuri. Saa za mfereji zimejaa, hakuna hata moja iliyo wazi. Nikibonyeza, babu anapata maji na karoti za Mama Happy zinakufa zikiwa na majani mawili mawili. Kwenye kompyuta kila kitu nilichofanya naweza kukitengua, na nilizoea kuamini kwamba hiyo ndiyo maana ya kazi safi. Huko shambani jambo likishafanyika kuna mtu ameshajenga maisha juu yake.

Na kesho ni mkutano. Wanakuja wajumbe wa mifereji mingine, mpaka wa upande wa Shume, kuuona mfumo ili nao wauchukue. Mwalimu Anna nimemwambia yote kwa simu. Akasema, "Sikiliza, mwanangu. Mrudishe mzee kimyakimya, huyo mama tutamtafutia maneno. Wakiuliza, sema ni mtandao." Unajua watu wetu, Baba. Ukisema ni mtandao, hakuna anayekuuliza swali la pili. Benki ni mtandao, hospitali ni mtandao. Naweza kulisema neno hilo moja nikaondoka na sifa zangu zote, na mifereji mitatu zaidi.

Nimeufuta tena ule mstari. Acha niweke kalamu chini kwanza.

*

Niliiacha barua hapo juu juzi mchana. Mkutano ulikuwa jana, na leo nimerudi Lushoto kutoka nyumbani.

Mkutano ulijaa. Wajumbe walipewa viti vya mbele. Mwalimu Anna alifungua kwa sala, akanisifu, akanikaribisha nieleze mfumo unavyofanya kazi. Babu alikuwa amekaa nyuma karibu na mlango, amevaa koti ulilomshonea. Mama Happy alisimama nje dirishani na mtoto mgongoni.

Nilianza vizuri, nikaeleza zamu, nikaeleza ujumbe wa simu. Kisha mjumbe mmoja akauliza, kwa nia njema kabisa, "Na tangu muanze, kuna aliyewahi kukosa maji kwa makosa?"

Mwalimu Anna akawahi, "Labda siku za mtandao tu."

Nikasema, "Yuko mmoja. Na haukuwa mtandao. Ni mimi." Nikaeleza. Nilieleza vibaya, nikirudia rudia, kuhusu jina na lile jaribio na zile meseji tatu nilizozipuuza. Watu waligeuka kumtazama babu. Yeye alikuwa anatazama kofia yake magotini.

Mama Happy ndiye aliyesema kwanza, kutoka dirishani. "Kwa hiyo karoti zangu ndiyo basi?"

Mwalimu Anna akasema kamati itakaa. Mama Happy akasema, "Kamati ikae, na karoti zikae?" Watu wakacheka, lakini yeye hakucheka.

Babu akainuka taratibu. "Mimi sikuja kudai maji," akasema. "Huyu mama amalize karoti zake. Nimekuja niulize kitu kimoja. Humo kwenye mashine, jina langu lipo au halipo?"

"Lipo jina, babu," nikasema. "Lakini ni mimi. Wewe hujaandikwa."

Akatikisa kichwa mara mbili, kama mtu aliyeambiwa habari za msiba wa mbali, akakaa.

Baada ya hapo kila mtu akawa fundi. Mmoja akasema tuandike "mkubwa" na "mdogo". Mwingine akasema namba ya kitambulisho, na babu akanung'unika kwamba yeye si gari. Ndipo Mama Happy akasema, "Lakini maji si yanakwenda shambani? Sisi huku tunayaita kwa mashamba: maji ya Jiweni, maji ya Mkuyuni. Nani aliwahi kusema maji ya Yohana?" Nilihisi kama mtu aliyefunguliwa dirisha usoni. Mwezi mzima nilikuwa nimechora watu juu na mashamba chini yao, na maji yalikuwa yakijua siku zote kwamba ni kinyume. Nilimwomba aje mbele aeleze vizuri, akaeleza akiwa amesimama, mtoto amelala.

Lakini usifikiri nimepona. Nikiwa bado namsikiliza nilikwishaanza kuona mahali ambapo hata hiyo itaachia mshono: shamba likigawanywa kwa ndugu watatu, shamba likikodishwa, shamba lenye majina mawili kwa sababu koo mbili zinaligombea. Nimeacha kuutafuta mchoro usiomsahau mtu. Sasa nataka upindo, Baba. Nataka mahali ambapo aliyesahauliwa anaweza kufumua na kitambaa kikatosha. Pengine ni mtu wa kumpigia kabla mashine haijampokonya, pengine ni siku tatu za kungoja, pengine ni Mwalimu Anna kupita shambani kwa miguu na kuuliza kulikoni. Havitapendeza kwenye ubao mweupe. Ule mstari nimeufuta, na safari hii sijaurudisha.

Wajumbe wa Shume walishukuru, wakasema watalitafakari, wakaondoka kabla ya chai.

Kamati ikaamua Mama Happy aendelee mpaka karoti zing'olewe, kisha zamu irudi kwa babu. Mama Happy atakwenda wapi baada ya hapo, hakuna aliyesema, nami silali vizuri kwa hilo. Mpaka siku hiyo, maji ya kitalu cha babu ni ya ndoo, na wa kubeba ni mimi. Nitakuwa napanda huko kila baada ya siku moja. Nimebeba safari kumi na mbili leo asubuhi, na babu alikuwa anahesabu.

Safari ya mwisho tulikaa kwenye ukingo wa tuta. Nilikuwa nimeshamwomba radhi mara tatu na mara zote alinijibu habari za kabichi. Nikamuuliza, "Babu, wiki zote zile, kwa nini hukuniuliza? Ungenipigia simu siku moja tu."

Alichomoa gugu, akalipangusa udongo kama vile anataka kulipanda tena.

"Nilipokwenda kuandikishwa," akasema, "yule karani aliniambia tayari nimo. Nikajua ni wewe, umenitangulia kuniandikisha. Nilirudi nyumbani kwa njia ndefu, wajina, ile ya sokoni, ili nikutane na watu. Kila niliyemkuta nilimwambia mimi kule nina mtu, simu itanijia. Sasa ilipokuwa haiji, ningekupigia nikuulize nini? Kama ninaye au sina?"

Hili nakwambia wewe peke yako. Nilichukua ndoo nikateremka tena mtoni, ingawa kitalu kilikuwa kimeshashiba.

Wewe pumzika, Baba. Mimi bado.

Mwanao,
Yohana